Mzigo mkubwa kuchelewa njiani: yanayosemwa na ukweli wake

Ekskaveta (mashine ya kuchimbia) ya tani 36 ikishashushwa bandarini Dar es Salaam kwenda mgodini Zambia au Kongo, kila siku inayolala ina bei yake: lobedi (tela la chini la kubebea mashine nzito), gari la kusindikiza, kreni, tozo ya kuhifadhi mzigo. Lawama hutupiwa barabara na polisi. Kwa kweli siku nyingi hupotelea kwenye makaratasi na upakiaji, kabla tairi halijazunguka.

"Lobedi ni ya tani 60, tani 36 itazibeba bila shida."

Itazibeba, ila mizani haitairuhusu kupita. Tani 60 ni uwezo wa tela kwa maneno ya mtengenezaji. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, huhesabu ekseli, yaani vyuma vya chini vinavyobeba matairi. Ekseli ya usukani ni tani 8, mbili za nyuma za kichwa (gari linalovuta tela) zenye tairi pacha tani 18, tatu za tela tani 24. Jumla 50. Toa kichwa tani 9 na lobedi tani 11 hivi, kinachobaki kwa mzigo ni tani 30. Hata ukiongeza ekseli, ukomo wa uzito wote bila kibali ni tani 56.

Hapo wengi hukimbilia kuomba kibali cha uzito, na huo ni mzunguko mrefu. Kibali hicho kimekusudiwa mzigo usiogawanyika, na ekskaveta ina kaunta-weti nyuma, pande la chuma ambalo kwa mashine ya ukubwa huu huwa na tani 6 au zaidi. Lifunguliwe, lisafiri kwa lori la kawaida. Kibali cha upana bado utakihitaji, kwa sababu mashine huzidi mita 3 na kikomo ni mita 2.65.

"Jumla ikiwa sawa, mizani haina neno."

Gari hupimwa jumla na kila kundi la ekseli. Tuseme kutoka kingipini (pini inayounganisha tela na kichwa) hadi katikati ya ekseli za tela ni mita 9. Ukisogeza mzigo wa tani 30 nusu mita tu, karibu tani 1.7 zinahama kutoka nyuma kwenda kichwani, au kinyume chake. Lori laweza kuwa na tani 49 na bado likazuiwa kwenye mizani ya Vigwaza. Tena ukitoa kaunta-weti, kitovu cha uzito cha ekskaveta kinahamia upande wa mkono wa kuchimbia, kwa hiyo alama ya chaki ya safari iliyopita, ya kuonyesha mahali pa kuweka mashine, haifai. Pima ekseli kabla ya kutoka mjini, kreni ikiwa bado karibu. Kusogeza mzigo kando ya mizani ya barabarani, kreni ikisubiriwa kutoka mbali, ndiko kunakokula siku. Kaza minyororo upya baada ya kilomita 50 za kwanza, maana hulegea.

"Kibali huombwa mzigo ukishafika."

Omba meli ikiwa bado baharini. Kinachotakiwa ni vipimo vya mzigo ukiwa juu ya tela, uzito kwa kila ekseli, njia, na namba za usajili za kichwa na tela. Makosa mawili hurudia. La kwanza ni kunakili vipimo vya orodha ya mizigo na kusahau kreti, masikio ya kunyanyulia au bolti zilizochomoza. Sentimita 12 zinatosha kukifanya kibali kisilingane na mzigo. La pili ni kichwa kuharibika na kuletwa kingine chenye namba isiyo kwenye kibali. Uliza mapema kama namba ya kichwa cha akiba inaweza kuingizwa. Na kibali cha Tanzania kinaishia mpakani Tunduma. Upande wa Nakonde, Zambia, ni mamlaka nyingine na ombi lingine, linalopaswa kuwa tayari siku hiyohiyo.

"Tukichelewa tutafidia usiku."

Mzigo mpana husafiri mchana. Dar es Salaam hadi Tunduma ni takriban kilomita 930. Kwa wastani wa kilomita 30 kwa saa na saa 9 za kutembea, ni 270 kwa siku, yaani siku 4 pasipo pancha wala kusubiri. Kona za mlima wa Kitonga zipangiwe asubuhi, baada ya kulala chini yake, kwa kuwa ukikwama pale unawazuia na wengine wote. Anayemwahidi mteja siku 2 anauza asichonacho.

"Bima italipa hasara ya kuchelewa."

Vifungu vya kawaida vya bima ya shehena huondoa hasara itokanayo na ucheleweshaji. Kinga iko kwenye mkataba: saa ngapi za kupakia na kushusha ni bure, baada ya hapo lobedi ni kiasi gani kwa siku, gari la kusindikiza kiasi gani, na nani analipa kibali kikichelewa. Dereva aandike saa ya kufika na kutoka kila kituo na asainiwe. Dai lisilo na saa hukataliwa.

Kama mzigo umekuja kwenye kontena la fletraki (lisilo na paa wala kuta za pembeni), uhamishiwe kwenye lobedi bandarini. Likisafiri hadi mgodini, tozo ya kampuni ya meli inaendelea kuhesabiwa mpaka lirudi tupu.