Kuweka kiyoyozi nyuzi 16 hakupoozi chumba haraka

Joto la Desemba Mtwara, likichanganyika na unyevu wa bahari, huwafanya wengi wakiingia chumbani washushe kiyoyozi hadi nyuzi 16, wakiamini kitapoa haraka kuliko kwa 25.

Imani hiyo inaeleweka, maana bomba ukilifungua zaidi maji hutoka kwa kasi. Lakini namba ya rimoti ni kikomo tu cha ubaridi, si kasi ya kupooza. Kwa kiyoyozi kisicho cha inveta, kompresa (pampu ya gesi ya kupoozea) ama imewaka kwa nguvu zote ama imezima. Kutoka nyuzi 32 hadi 25 itachukua muda uleule, uwe umeweka 16 au 25. Tofauti ni kwamba ukiweka 16 kompresa haipumziki, na chumba cha bati tupu lisilo na dari huenda kisifike huko kabisa, huku uniti za umeme za LUKU zikiyeyuka. (Vya inveta hubadili kasi, hivyo 16 huweza kuvisukuma vipooze haraka zaidi mwanzoni, lakini kubaki hapo usiku kucha bado ni ghali.)

Jipimie. Usiku mmoja weka 25 na feni, usome mita kabla ya kulala na asubuhi. Usiku wa pili weka 16, vifaa vingine vikiwa vilevile. Kwanza osha vichujio, maana vumbi huziba hewa.