Injini Kuukuu ya Dizeli na Mafuta ya Mimea: Umri si Kigezo

Wateja wanaotaka injini ya kutumia mafuta ya alizeti huanza na kauli ileile: "Fundi, mradi ni dizeli ya zamani, itakunywa chochote." Si kweli, na imani hiyo imeharibu injini nzuri mno. Kinachoamua ni mahali mafuta yanapowakia na aina ya pampu.

Chukua Land Cruiser mbili za miaka ya 1980 zinazofanana bodi. HJ60 ina injini ya 2H, ambayo nozeli zake hupulizia mafuta ndani ya chumba kidogo kilichomo kwenye silinda hedi. Chumba hicho ni cha moto sana, hewa huzunguka humo kwa kasi, na hata mafuta mazito huungua yakaisha. HJ61 ina 12H-T yenye turbo, ambayo nozeli zake hurusha mafuta moja kwa moja juu ya pistoni kupitia matundu membamba. Humo alizeti, ambayo mnato wake kwenye nyuzi 40 unakaribia mara kumi ya ule wa dizeli, haipasuki kuwa ukungu: masizi huganda kwenye ncha ya nozeli, ringi hunasa, na mafuta yasiyoungua huteremka na kuigandisha oili. Mwenye HJ61 mmoja aliniletea gari lililopoteza nguvu. Nilipofungua nati ya sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, oili haikutoka, ikabidi niishushe sampo nzima na kuikwangua kwa bisibisi.

Chumba kikifaa, tazama pampu. Pampu ya laini, yaani yenye vipistoni vilivyopangwa mstari mmoja, kama ya 2H au ya injini ya OM617 ya Mercedes-Benz, hulainishwa na oili ya injini; pampu ya kuzunguka hulainishwa na mafuta yenyewe, na ile ya chapa ya CAV ya Land Rover za zamani haivumilii mafuta mazito yaliyo baridi.

Eti Rudolf Diesel alibuni injini yake kwa ajili ya mafuta ya karanga? Hapana. Injini iliyoendeshwa kwa karanga katika maonyesho ya Paris mwaka 1900 ililetwa na kampuni ya Otto, na ilitengenezwa kwa ajili ya mafuta yachimbwayo ardhini.

Wala joto la Dar es Salaam halitoshi kuyafanya mafuta ya mimea yawe mepesi: yapashe hadi nyuzi 70 au 80, uwashe na kuzima kwa dizeli kutoka tangi la pili. Mafuta ya chipsi yaliyochujwa kwa kitambaa bado yana maji, nayo huitia pampu kutu.

Nami namsihi kila mnunuzi asome namba iliyogongwa kwenye bloku, ajue ni injini ipi, kabla ya kutoa fedha, kisha abadili oili kila anapofikia nusu ya kilomita alizozoea.