Upasuaji wa kupunguza uzito na hatari ya saratani

Wagonjwa wengi, kabla sijamaliza kuwaeleza namna tumbo linavyopunguzwa, huniuliza kama saratani nayo itawaepuka. Huwajibu kwamba hatari hupungua lakini haiishi, na tena haipungui kwa kiwango kimoja katika kila aina ya saratani.

Mafuta ya mwilini si akiba iliyolala tu. Mwanamke akishakoma hedhi na ovari zake kuacha kutoa homoni ya estrojeni, mafuta ndiyo yanayoendelea kuitengeneza. Estrojeni hiyo, ikikosa homoni nyenzake ya projesteroni ya kuidhibiti, huuchochea utando wa ndani wa mji wa mimba ukue mfululizo. Chini ya hadubini utaona tezi za utando huo zimebanana hadi nafasi baina yake inakaribia kutoweka, hali ambayo mara nyingine hugeuka saratani. Kuna pia insulini, ambayo mwenye unene uliokithiri huwa nayo nyingi kupita kiasi, na ambayo huzihimiza seli zigawanyike. Baada ya upasuaji, insulini huanza kushuka ndani ya siku chache, uzito wenyewe ukiwa bado haujapungua sana. Ndiyo maana sishangai kwamba saratani ya mji wa mimba ndiyo inayopungua kwa namna iliyo wazi zaidi.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia watu zaidi ya 30,000, ulionyesha kuwa katika miaka 10 saratani zinazohusiana na unene ziliwapata asilimia 2.9 ya waliopasuliwa na asilimia 4.9 ya wasiopasuliwa. Hata hivyo, watu hao hawakugawanywa kwa kura nani apasuliwe na nani asipasuliwe, na huenda wanaokubali kupasuliwa wanatofautiana na wenzao kwa mengine pia. Kule Uswidi, matokeo ya utafiti mwingine yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha nafuu kwa wanawake, si kwa wanaume.

Kwa hiyo vipimo vya matiti, vya mlango wa kizazi na vya utumbo mpana viendelee kama kawaida, na damu yoyote inayotoka ukeni baada ya hedhi kukoma ichunguzwe mapema, hata kama kilo nyingi zimepungua. Aliyeunganishiwa utumbo kwenye kifuko kidogo cha juu cha tumbo amwarifu kila daktari atakayemhudumia, kwa kuwa sehemu ya tumbo iliyoachwa kando haifikiki kwa kamera ya kawaida inayopitishwa mdomoni.