Mitutu Miwili, Sungura Mmoja

"Shemeji, nimeipata!" Binamu ya mke wangu kanipigia simu kutoka Alaska, furaha kama ya aliyejaliwa mtoto. "Ile yenye mitutu miwili, juu risasi, chini marisau, inajikunja inaingia kwenye begi. Sasa hata dubu aje."

Hata dubu aje. Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya ufundi wa bunduki huku Minnesota, na maneno hayo nimeletewa na wavuvi, wapiga kambi, madereva wa malori na sasa shemeji yangu mwenyewe. Wote wamepiga hesabu ileile: raifo moja ukijumlisha na shotigani moja unapata bunduki mbili, basi nguvu mara mbili. Leo naandika ili atakayenipigia kesho nimtumie hii, mimi niendelee na chai.

Mama wa bunduki hizi, kwa sura mnayoijua, ni M6 ya Jeshi la Anga la Marekani, ya miaka ya 1950. Ndege zao zilikuwa zikipita juu ya barafu ya Aktiki, na rubani akianguka huko anaweza kusubiri siku kadhaa kabla hajaonekana. Waliomfikiria huyo rubani hawakumwazia akipambana na dubu. Walimwazia ana njaa, vidole vimekufa ganzi, amevaa glovu nene, na mbele yake amekaa sungura au kware wa theluji. Ndiyo maana M6 haina triga ya kawaida. Ina kipande kirefu cha chuma unachokibana kwa kiganja kizima, glovu ikiwa mkononi. Ndani ya kitako mna nafasi ya risasi tisa za .22 Hornet na katriji nne za marisau za .410 (namba hizi ni upana wa tundu la mtutu kwa inchi). Tisa na nne! Hicho ni kitoweo cha siku chache.

Hao wa jeshini walikuwa na Hornet, risasi ndogo lakini yenye mbio. Ya shemeji ni .22 ya kawaida, ileile ya kupigia makopo. Risasi hiyo haifikishi nishati ya juli 200 ikitoka mtutuni, wakati raifo ya .30-06 anayobeba mwindaji wa paa inatoa zaidi ya juli 3,500. Na mtutu wa pili? .410 ndiyo shotigani ndogo kuliko zote za kawaida, tundu lake milimita 10 na kitu, wakati la geji 12, shotigani ya kawaida ya wawindaji, ni milimita 18 na nusu. Katriji yake ndefu, ya inchi tatu, inabeba gramu 20 hivi za marisau. Ya kawaida ya geji 12 inabeba kama 32. Dubu ukimpiga marisau ya ndege ya .410 umemjulisha ulipo, basi.

Habari ya dubu tuiache hapo. Linalonikera hasa ni jingine, na hili hata wauzaji wanalirudia: kwamba marisau hayalengwi, unaelekeza tu upande wa mnyama. Watu wanaona mtutu mfupi wanadhani marisau yatatawanyika kama mchele uliomwagika. Ufupi wa mtutu hauongezi mtawanyiko wa maana. Unaoamua ni mdomo wa mtutu, umebanwa kiasi gani, na umbali. Mita kumi mbele, mtutu usiobanwa unatawanya marisau kwenye duara lisilozidi sana sinia dogo. Ukikosea kwa upana wa sinia, sungura anaenda zake. Ukisogea hadi mita 25, duara limepanuka, lakini marisau yako ni yale machache, na katikati mnabaki matundu ambayo kware anapenya bila unyoya kuguswa. Kwa hiyo shotigani hii unailenga kama raifo, na ndipo matatizo yanapoanza, kwa sababu mitutu ni miwili na alama za kulengea ni seti moja.

Chukua bunduki ya namna hii, ifunge kwenye mifuko ya mchanga, lenga doa moja mita 20 mbele. Piga .22. Kisha, bila kubadili kitu, piga .410. Mara nyingi utakuta zimepiga mahali pawili tofauti. Mtutu wa juu na wa chini haviko kwenye mstari mmoja na bega lako, kwa hiyo kila mmoja unapiga teke lake na kuinua mdomo kwa kiasi chake. Risasi ya gramu mbili na nusu na furushi la gramu 20 havitoki katika hali moja. Mafundi wa zamani wa Ulaya waliotengeneza bunduki za mitutu miwili walikuwa wanapiga, wanasogeza mitutu nywele moja, wanalehemu, wanapiga tena, mpaka yote ikubaliane. Hiyo kazi ni ghali kuliko bunduki nzima ya shemeji. Kiwandani mitutu yake imewekwa kwenye kishikizo, imefungwa, imepakwa rangi, imeondoka. Moja iliyofika mezani kwangu ilikuwa inapeleka risasi chini kushoto na marisau juu kulia, tofauti ya kiganja kizima. Mwenyewe aliapa inapiga sawasawa. Alikuwa hajawahi kupiga yote miwili siku moja.

Dawa yangu ni ya kimaskini: linganisha alama na .22, kwa sababu ndiyo inayodai usahihi, halafu jifunze marisau yanaangukia wapi na ulenge kwa kukisia. Badilisha aina ya risasi na hesabu yako imevurugika. Najua dawa hii haiheshimiki, na nikiulizwa nitaipa jina zuri zaidi.

Haraka haraka: kwenye toleo la kiraia la M6, .22 ya kawaida hupigwa ukingoni mwa ganda, .410 katikati, kwa hiyo nyundo moja ina kazi ya kuchagua kati ya pini mbili, kwa kinundu unachokivuta juu au chini. Usifyatue tupu upande wa .22, pini inachubua ukingo wa chemba, pale risasi inapokaa, na utaniletea mimi.

Na "inaingia kwenye begi" nayo ina mipaka yake. M6 ya jeshi ilikuwa na mitutu ya inchi 14, ikikunjwa haizidi sentimita 40. Sheria ya Marekani ya 1934 haimruhusu raia kuwa na shotigani ya mtutu chini ya inchi 18 bila usajili maalumu, kwa hiyo toleo la kiraia limerefushwa. Bunduki ya bawaba haiwezi kukunjika ikawa fupi kuliko mitutu yake.

Kuna mtu ataniletea Warusi, najua. Mwaka 1965 wanaanga wa Kisovieti Leonov na Belyayev walitua na chombo chao mbali na walipotarajiwa, msituni Perm, theluji kiunoni, wakiwa na bastola tu. Baadaye Wasovieti wakatengeneza TP-82 kwa ajili ya wanaanga: mitutu mitatu, miwili ya marisau na mmoja wa milimita 5.45, na kitako kikiwa panga ndani ya ala. Hao kweli waliwaza mbwa mwitu na dubu. Lakini walikuwa na risasi ya kijeshi na fundi mwenye bajeti ya anga za juu. Wewe una .22.

Sasa niseme lisilonisaidia kibiashara. Katriji moja ya .410 ina uzito wa risasi nane hivi za .22. Mwenye njaa hapigi ndege anayeruka, anampiga aliyetua, na kwa huyo .22 inatosha. Kuna jioni nashawishika kabisa kwamba mtutu wa pili ni mapambo, na ningebeba raifo moja nyepesi, risasi mia na ndoano za samaki. Halafu nakumbuka magharibi moja ya ukungu, mikono inatetemeka, sungura anakimbia kuvuka njia, na marisau ndiyo yaliyotulisha. Mara moja tu, lakini tulikula.

Shemeji nimemwambia anunue karatasi za shabaha na dawa ya kupulizia dubu. Karatasi kanunua.