Dhana potofu kuhusu kusikiliza na kupima albamu za jazi ya kisasa

Aliyelelewa na muziki wa dansi anajua wimbo unakoelekea: beti, kiitikio, kisha chemko, magitaa yanajibizana na watu wanainuka. Morogoro Jazz na TPOK Jazz zilibeba jazi kwenye majina yao, lakini mpango wa nyimbo zao ni huo. Msikilizaji huyo akiweka albamu ya jazi ya kisasa, ile iliyochipuka kutoka mtindo wa bibopu wa miaka ya 1940, anasubiri chemko ambayo haimo. Akichoka kusubiri anatoa hukumu, na hukumu nyingi za namna hiyo zina kasoro moja: zinamsikiliza anayepuliza tu, zinawaacha mpiga besi na mpiga dramu, ambao ndio walioshika ramani.

“Kila mtu anapiga anavyojisikia”

Chukua “So What”, kibao cha kwanza cha albamu ya Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis, iliyorekodiwa New York mwaka 1959. Baada ya utangulizi mfupi wa piano na besi, Paul Chambers anaitoa melodia kwa besi, na wenzake wanamwitikia kwa kodi mbili, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Umbo lake ni vipimo 32 vya midundo minne minne: 16 vinakaa kwenye skeli (safu ya noti) ya D, nane vinapanda nusu toni, yaani hatua moja ndogo, nane vya mwisho vinarudi D. Mzunguko mmoja huchukua karibu dakika moja, kisha unaanza upya. Davis anapiga solo mizunguko miwili, John Coltrane na Cannonball Adderley wa saksafoni miwili kila mmoja, Bill Evans wa piano mmoja. Hakuna anayetoka nje ya hesabu hiyo.

Kuifuata si kazi. Hesabu moja hadi nne pamoja na besi, na kila ukifika nne kunja kidole kimoja. Vikikunjwa vidole vinane mara mbili, sikiliza besi ikipanda. Wengi hupotea mahali pamoja: vipimo nane vya mwisho vya mzunguko mmoja na 16 vya mwanzo vya mzunguko unaofuata vyote viko D, kwa hiyo vinapita vipimo 24 mfululizo bila badiliko lolote. Ukipotea usirudishe nyuma. Ngoja besi ipande tena, uanzie hesabu hapo. Ukishaizoea ngazi hiyo, yaani pale besi inapopanda, utaweza kusema kama mpigaji aliipanda kwa wakati, aliikimbilia mapema, au aliivuka bila kuikata sentensi yake. Bila hilo, maneno kama “anapiga kwa hisia” hayajasema kitu.

Hata albamu ya Free Jazz ya mpiga saksafoni Ornette Coleman, iliyorekodiwa mwaka 1960, ina mpango. Kuna kwarteti mbili, yaani bendi mbili za watu wanne, kila moja upande wake wa stirio, na kati ya solo na solo kuna vipande vilivyopangwa kabla. Vua hedifoni ya sikio la kulia: utabaki na Coleman mwenyewe, Don Cherry wa tarumbeta, Scott LaFaro wa besi na Billy Higgins wa dramu, na kile kilichoonekana vurugu kitaanza kuwa mazungumzo ya watu wanne.

“Noti nyingi, mwendo mkali, basi huyo ni fundi”

“Giant Steps” ya Coltrane, kibao cha albamu yenye jina hilo, pia ya 1959, ina kodi 26 ndani ya vipimo 16, tena kwa mwendo wa mbio. Coltrane anapita humo bila kujikwaa, na sababu kubwa ni maandalizi: vikundi vile vile vya noti nne vinarudi tena na tena, vikihamishwa kutoka ufunguo (noti ya msingi) hadi ufunguo. Kubuni papo kwa papo si kuja mikono mitupu. Anayefuata ni Tommy Flanagan kwenye piano. Anaanza kwa mistari ya noti, mistari inakatika, anamalizia kwa kodi peke yake. Wengi huona ni aibu ya albamu. Sisi tunaona solo hiyo ndiyo inayomwonyesha msikilizaji jinsi njia ilivyo na mashimo. Flanagan alirudia vibao vya Coltrane kwenye albamu yake ya mwaka 1982, yenye jina hilo hilo la Giant Steps. Zisikilize moja baada ya nyingine.

Ili kuipima bendi nzima, rudia kibao kimoja mara nne. Mara ya kwanza sikiliza chote. Ya pili fuata besi tu: je, kila noti inaishi hadi inayofuata, au inakufa katikati? Ya tatu fuata toazi kubwa la mpiga dramu, uone kama anabadilika anapobadilika mpiga solo. Anayewapigia wote namna moja anaidumaza bendi hata kama hakosei mdundo. Ya nne sikiliza piano nyuma ya saksafoni. Kosa la kawaida hapo ni mpiga piano kujaza sauti zile zile anazotumia mpulizaji, hadi wote wawili wanafifia.

“Kilichomo kwenye albamu ndicho kilichotokea studioni”

Si lazima. Kwenye In a Silent Way ya Davis, ya mwaka 1969, prodyuza Teo Macero aliunganisha vipande vya tepu. Upande wa pili unafunguka kwa sehemu ya dakika nne hivi, na sehemu hiyo inarudi mwishoni. Haikupigwa upya, ni tepu ile ile. Mhakiki anayeandika kwamba wapigaji “wanarudi wamekomaa” anamsifu Macero bila kujua.

Kumbuka pia toleo unalosikiliza. Upande wa kwanza wa Kind of Blue ulirekodiwa kwa mashine iliyokuwa ikienda polepole kidogo, kwa hiyo kwa miongo kadhaa noti zake zilisikika juu kuliko zilivyopigwa. Matoleo ya miaka ya 1990 ndiyo yaliyorekebisha. Kama unafuatisha santuri ya zamani kwa piano na sauti hazipatani, piano yako haina kosa.

“Bila vifaa vya bei mbaya husikii kitu”

Hedifoni za kawaida zenye waya zinatosha. Spika ya simu ndiyo haifai: uzi mzito wa besi hutoa mitetemo kama 41 kwa sekunde, na spika hiyo ndogo haiwezi kuitoa. Unapolinganisha albamu mbili, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti kwa mkono, maana iliyo juu kidogo hupendeza masikio hata kama si bora. Albamu za jazi mara nyingi huwa chini kuliko za pop.

“Jazi iliishia miaka ya sitini”

Mpiga piano Nduduzo Makhathini wa Afrika Kusini alitoa albamu ya Modes of Communication kupitia kampuni ya Blue Note mwaka 2020. The Epic ya mpiga saksafoni Kamasi Washington, ya 2015, ina diski tatu na karibu saa tatu za muziki, pamoja na okestra na kwaya. Hii usiisikilize kwa mkupuo. Chukua diski moja kwa siku. Kwaya inapojaa, besi huzama chini yake, na ukisikiliza diski zote kwa kikao kimoja uchovu wako utauhesabu kuwa kosa la wapigaji.