Sukari huru: kwa nini chungwa na juisi yake havihesabiwi pamoja

Sukari huru ni sukari iliyokwisha kutolewa pale ilipokuwa imefungiwa: kwenye muwa, kwenye sega la nyuki, kwenye nyama ya tunda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaweka humo sukari yote tunayoongeza kwenye chai na maandazi, asali, shira, na juisi ya matunda. Ndiyo, juisi ya matunda, hata uliyoikamua mwenyewe jikoni bila kutia kijiko cha sukari. Iliyomo ndani ya tunda zima haihesabiwi. Chungwa likiwa zima, sukari yake haiitwi huru. Likishakamuliwa, inaitwa huru, ingawa ni ileile.

Naeleza neno hili kwa sababu ya swali ninalolisikia Mwanza karibu kila wiki, saluni na kwenye daladala za Buhongwa: anayetaka kupunguza mwili aache matunda? Wengi wanaanza kwa kuyaacha. Ndizi inanenepesha, embe ni sukari tupu, nanasi lisiliwe usiku. Jirani yangu hapa Kirumba alikaa miezi miwili bila kugusa tunda, na sisi tunaishi karibu kabisa na mahali boti zinaposhusha mizigo ya visiwani, machungwa ya Ukerewe yakiwemo. Wakati huohuo, kila jioni alikuwa akisaga glasi kubwa ya parachichi na pasheni, na vijiko vitatu vya sukari vya kuondoa ukali. Mizani haikusogea. Mama yule hakuwa mvivu wala mlafi. Alipewa sheria iliyokaa kichwa chini miguu juu, akaifuata kwa uaminifu wote.

Menya chungwa, tenga kipande kimoja, ukitazame kwa karibu. Ndani ya ule utando mweupe mmejaa vifuko vidogo vidogo, kila kimoja na ngozi yake na maji yake. Ngozi hizo na utando wenyewe ndizo nyuzinyuzi. Kuipata sukari lazima uvipasue kwa meno, kimoja kimoja, na kazi inaendelea tumboni. Tunda linachukua nafasi, linachelewa kuondoka, na mwili unapata muda wa kutambua kwamba umeshiba. Ukikamua, vifuko vimekwisha kupasuliwa na nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio. Unachomeza ni maji matamu.

Mwaka 1977 watafiti wa Bristol, Uingereza, walichapisha kwenye jarida la The Lancet jaribio dogo la watu 10. Waliwapa tufaha kwa namna tatu: zima, lililopondwa, na juisi. Juisi ilimalizika mara 11 upesi kuliko tufaha zima. Tufaha zima lilishibisha kuliko lililopondwa, na lililopondwa likashibisha kuliko juisi. Baada ya juisi, sukari ya damu ilipanda kisha ikaporomoka. Walipotafuna tufaha zima, haikuporomoka hivyo. Kwangu hilo linaeleza kwa nini mtu anakunywa juisi saa nne na saa tano anatafuta andazi.

Sasa kuna mazoea yetu, na hapa naomba tusikilizane. Muuza machungwa wa barabarani humenya ganda la nje, anakata kikofia juu, anakukabidhi. Unabana, unanyonya, unabana tena, na unachotupa mwishoni ni makapi, yaani nyuzinyuzi karibu zote. Huko ni kukamua juisi kwa mkono. Chungwa moja haliharibu kitu. Lakini ukinyonya matano ukiwa unasubiri kivuko, umekunywa karibu nusu lita ya juisi na utafika ng'ambo una njaa. Mwambie alikate vipande vinne, ule nyama yake. Mawili yatakutosha.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku, ukomo uliowekwa na Shirika ni asilimia 10 ya kalori hizo, sawa na gramu 50 za sukari huru, vijiko vya chai 12 hivi. Kushuka chini ya asilimia 5, yaani gramu 25, ni bora zaidi. Glasi ya mililita 300 ya juisi ya machungwa isiyoongezwa kitu ina karibu gramu 25. Chai ya vijiko vitatu ina gramu 12. Soda ya chupa inapita 30. Ukijumlisha vitu hivyo vitatu umevuka gramu 50, na hujagusa hata ndizi unayoiogopa.

Tunda zima ni chakula chepesi kwa sababu sehemu kubwa yake ni maji. Gramu 100 za tikiti zina kalori 30 hivi, papai 43, chungwa 47, nanasi 50, embe 60, ndizi mbivu 89. Chapati ya uzito huohuo inakaribia 300. Bakuli la nusu kilo ya papai, ambalo wengi hawalimalizi, lina kalori 215 tu.

Parachichi ni habari nyingine. Lina kalori 160 kwa gramu 100, na kubwa moja likifikisha gramu 200 za nyama linabeba 320, kabla ya sukari wala pasheni. Mafuta yake ni ya aina nzuri na silikatazi hata kidogo, ila liwekwe kwenye hesabu kama mlo. Tende na zabibu kavu zimepoteza maji, kwa hiyo kiganja kimoja kinabeba mengi. Na msimu wa embe, mtu anayekula manne makubwa kivulini mchana kisha akaketi kwenye ugali kama kawaida, ameongeza mlo mzima juu ya mlo.

Kazi halisi ya tunda ni kukaa mahali pa kitu kingine, si kuongezwa juu yake. Tunda halichomi mafuta. Nanasi haliyeyushi kitambi, ndimu kwenye maji ya moto vilevile. Uzito hupungua unapokula pungufu ya unachotumia, siku baada ya siku, na tunda linasaidia likikaa mahali pa kitu kizito zaidi: papai mahali pa andazi la saa nne, chungwa mahali pa soda. Au liliwe kabla ya chakula. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba waliokula tufaha kabla ya chakula cha mchana walikula kwa jumla kalori pungufu kwa asilimia 15, tufaha lenyewe likiwa limehesabiwa. Juisi haikufikia hapo.

Mwenye kisukari, hasa anayetumia dawa au sindano, akubaliane kwanza na daktari wake juu ya kiasi na saa, maana kubadilisha mlo ghafla kunaweza kumshusha sukari.

Jirani yangu bado ana blenda yake, siku hizi anasagia nyanya na pilipili. Parachichi analikata nusu, anakula na ugali na sato, nusu nyingine anapewa mtoto. Chungwa analitafuna taratibu mlangoni jioni, pamoja na ule utando mweupe, na makapi hayaonekani tena kwenye ndoo ya taka.