Pleya ya muziki ya gari: tazama redio kabla ya kutoa pesa

Wateja wengi wanaofika kibandani kwangu wameshanunua pleya kabla ya kuniona. Wanaitoa mfukoni, wanaiweka juu ya meza, halafu ndipo wanauliza, "Fundi, hii itafanya kazi kwenye gari yangu?" Mimi pleya hata siigusi. Naomba ufunguo nikaitazame redio, kwa sababu redio ndiyo inayoamua. Pleya ya bei kubwa iliyounganishwa kwa njia mbovu inalia vibaya kuliko ya bei nafuu iliyounganishwa kwa njia safi.

Gari zetu nyingi hapa Unguja na Pemba zimetumika Japani kabla ya kutufikia: Noah, IST, Probox, Vitz, Hiace za shamba. Zinateremka bandarini na redio zake za huko huko. Utakuta yenye CD, yenye kaseti, yenye tundu la MD, zile diski ndogo za zamani, ambalo vijana wa sasa hawajui linaliwa na nini, au yenye skrini pana iliyojaa maandishi ya Kijapani na inayodai diski ya ramani iliyobaki kwao. Muziki wa kidijitali una njia nne kuu za kuingia humo: USB, blututhi, waya wa AUX unaotoka tundu la hedifoni la pleya hadi redioni, au kirusha FM, kile kidude kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara na kurusha muziki hadi redioni kama stesheni. Kaa kwenye kiti cha dereva uangalie una ipi. Tundu la AUX mara nyengine halipo usoni mwa redio, limefichwa chini karibu na gia au ndani ya kisanduku cha mbele ya abiria. Pekua kwanza kabla ya kusema huna.

Ukiwa na USB inayosoma MP3, pleya huihitaji. Nunua flashi, pesa iliyobaki tia mafuta. Nasema hivi ingawa pleya nauza.

Kirusha FM ndicho kinachotoka sana pale sokoni Darajani, maana hakihitaji fundi, na ndicho kinachonipa kesi nyingi zaidi. Stesheni zetu za FM ziko kati ya megahezi 87.5 na 108. Japani FM yao ni 76 hadi 90, na miaka ya karibuni wameisogeza hadi 95. Kirusha kimetengenezwa kwa kipimo kama chetu, redio imetengenezwa kwa kipimo cha Japani. Vinakutana mahali padogo sana.

Alikuja bwana mmoja na Noah yake, kirusha kakiweka 107.5, anapata kimya kitupu.

"Fundi, hiki kibovu. Nimeuziwa takataka."

"Shekhe, hebu zungusha redio yako tuone inaishia wapi."

Akazungusha. Ikafika 90.0, ikaruka ikarudi 76.0. Akanitazama.

Nikashusha kirusha hadi 88.3, redio nayo nikaiweka 88.3, muziki ukatoka. Kirusha kilikuwa kizima muda wote. Kwa redio ya Kijapani isiyo na ekspanda, kiboksi nitakachokieleza hapa chini, nafasi yako ni kuanzia 87.5 hadi 90 basi, na humo humo utafute pasipo na stesheni.

Gari nyengine zimeshafungwa ekspanda, yaani kile kiboksi kidogo kwenye waya wa antena kinachopunguza namba ili redio ya Kijapani ipate stesheni za kwetu. Ikiwa yako inapunguza 20, stesheni ya 100 utaikuta kwenye 80, na kirusha ukikiweka 107.5 redio iweke 87.5. Kuna zinazopunguza namba nyengine, kwa hiyo tafuta stesheni unayoijua, toa namba ya redio kwenye namba yake halisi, ndiyo hesabu ya gari yako. Watu wanaendesha miaka na ekspanda bila kujua kwamba wanayo.

Hata hesabu ikikaa sawa, FM ina mwisho wake. Sauti nyembamba za juu zaidi ya kilohezi 15 hazipiti, na ukisogea karibu na mnara wa stesheni yenye nguvu, taarabu yako inaingiliwa na mtangazaji anayesoma salamu. Kirusha ni cha dharura.

AUX ndiyo njia ninayoipenda, na ina ugonjwa mmoja unaowafukuza watu bure. Unachomeka pleya, inalia vizuri. Unaichomeka na chaja ya gari ili isiishe chaji, ghafla unasikia mluzi mwembamba nyuma ya muziki. Unakanyaga mafuta, mluzi unapanda. Unaachia, unashuka. Mtu anadhani spika zimekufa. Spika hazina kosa. Chaja na redio zote zinatumia bodi ya gari kama waya hasi, na waya wa AUX nao unaunganisha hasi ya pleya na hasi ya redio. Sasa kuna njia mbili za hasi badala ya moja, na uchafu wa umeme unaotoka kwenye altaneta, jenereta ya gari, unapita kwenye ile ya sauti. Ndiyo maana mluzi unafuata injini.

Dawa ya kwanza haina gharama: endesha pleya kwa betri yake, ichaji nyumbani. Ukichomoa chaja na mluzi ukakatika, umeshajua tatizo liko wapi. Ya pili ni kutafuta kichuja mluzi, kidude chenye transfoma ndogo mbili ndani yake, unakiweka katikati ya waya wa AUX. Kinafanya kazi, lakini za bei ya chini hukata besi, na kwa mtu anayetaka kusikia dumbak ikigonga inavyopaswa hilo si jambo dogo. Kibadilisho cha blututhi kinachochomekwa AUX nacho hakikuepushi, kwani nacho kinakula umeme wa chaja hiyo hiyo. Kama unataka blututhi, chukua chenye betri yake ndani.

Jengine kwenye AUX ni kiwango cha sauti. Ipandishe pleya karibu na mwisho, si mwisho kabisa, halafu ongeza na punguza kwa redio. Wengi hufanya kinyume, pleya chini redio juu, na wanachokipata ni mvumo wa redio yenyewe uliokuzwa. Ukifika mwisho kabisa nako pleya nyengine huanza kupasua sauti. Na besi iongezwe mahali pamoja, ama kwenye pleya ama kwenye redio.

Naulizwa kwa nini usitumie simu tu. Tumia, ukitaka. Lakini simu ndiyo benki yako, ndiyo kazi yako, kila ujumbe unaoingia unakata muziki, na abiria wa nyuma akitaka kubadilisha wimbo unampa simu yenye maisha yako yote. Pleya ukimpa mtoto, la kuharibu ni mpangilio wa nyimbo tu.

Sasa pleya yenyewe. Sahau skrini ya kugusa. Unataka vitufe vya kweli, vinavyotofautiana kwa mguso, uweze kuruka wimbo bila kuitazama wakati ng'ombe anakatiza barabara. Unataka inayotumia memori kadi ya ndani yake badala ya diski ngumu. Zile iPod Classic za zamani, ambazo Apple iliacha kuziuza 2014, zina diski inayozunguka ndani na barabara za vumbi haziipendi. Na juu ya yote unataka inayokumbuka ilipoishia.

Hili la kukumbuka nalisisitiza kwa sababu ya kisomo. Ramadhani ikikaribia, nusu ya kazi yangu ni kuwawekea watu Kurani garini. Sura ya Al-Baqara ina aya 286 na kwa kisomo cha kawaida inapita saa mbili. Mjini hadi Nungwi humalizi. Ukizima gari Mahonda ukanunua embe, ukiwasha, pleya isiyokumbuka inakurudisha Al-Fatiha. Dereva wa namna hiyo atasikiliza mwanzo wa Al-Baqara mwezi mzima na Al-Imran asiifikie. Dukani ijaribu hapo hapo: weka wimbo, usogeze hadi katikati, zima, washa. Ikianza mwanzo, irudishe kwenye kabati lake. Kuna nyengine zinakumbuka faili lakini si dakika. Kwa taarabu ya dakika kumi na kitu unaweza kuvumilia, kwa sura ndefu huwezi.

Mpangilio nao ni kilio cha watu. Pleya na redio nyingi za bei nafuu hazipangi kwa alfabeti, zinafuata jinsi faili zilivyoandikwa kwenye kadi, yaani iliyokopiwa mwanzo inalia mwanzo. Ndiyo maana unarushiwa sura 114 na zinatoka zimechanganyika. Zipe majina kwa namba zenye tarakimu tatu, 001 hadi 114, fomati kadi, kisha kopi folda nzima kwa mpigo mmoja ikiwa imeshapangwa. Majina yaandike kwa herufi za Kilatini. Ya Kiarabu kwenye skrini nyingi yanageuka viboksi vitupu.

Ubora wa faili watu wanaubishania kuliko unavyostahili. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu MB 1 kwa dakika, ya 320 inakula karibu MB 2.4. Kwa gari inayotembea, vioo wazi, injini ya Probox mbele yako, 192 inatosha, na anayeniambia anasikia tofauti ya FLAC, faili zisizopunguzwa ubora, akiwa njiani namheshimu lakini simwamini. Rikodi mpya za Culture Musical Club, kikundi cha taarabu cha tangu 1958, ziweke 320 kama unazo, fidla na kanuni zinafaidika. Lakini Siti binti Saad alirikodi kwenye santuri za zama zake, alipopelekwa Bombay mwaka 1928, upande mmoja dakika tatu hivi, na sauti iko kwenye chaneli moja. Kuziweka 320 ni kuhifadhi mikwaruzo kwa ubora wa juu. Kisomo cha mtu mmoja, chaneli moja, kilobiti 64, kinatosha kabisa, na msahafu mzima wa saa 30 hivi unaingia chini ya GB 1.

Kwa hesabu hizo kadi ya GB 32 inakupa zaidi ya saa 350 za muziki wa kilobiti 192. Usipite hapo bila sababu. Kadi za GB 64 na kuendelea huja zimefomatiwa kwa mtindo mpya wa exFAT, na pleya na redio za zamani zinajua ule wa zamani wa FAT32 tu, kwa hiyo unaambiwa hakuna kadi wakati kadi ipo. Ukubwa mkubwa kwa bei ya kutupa una hatari nyengine pia: kadi imeandikwa 128, kompyuta inaonyesha 128, ndani ina 8. Inapokea faili zako zote bila kulalamika, halafu zilizopita GB 8 zinakuwa kimya au zinakwaruza. Kwenye kompyuta kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza kadi kisha inasoma tena kila kilichoandikwa. Inachukua muda mrefu, iache usiku. Asubuhi ikikuonyesha nyekundu, irudishe dukani na risiti.

Lililobaki ni jua na chumvi. Gari iliyofungwa vioo ikaegeshwa mchana kwenye jua, ndani ni tanuri, na juu ya dashibodi ndiyo pabaya zaidi. Apple kwenye maelekezo yao wanasema kifaa kisihifadhiwe kwenye joto linalozidi nyuzi 45, na betri za litiamu za wengine hazina ngozi ngumu kuliko hiyo. Dalili ni mgongo wa pleya kuvimba. Ikivimba usiichaji tena, na usiitoboe. Ukishuka, ondoka nayo mfukoni, au angalau itie chini ya kiti.

Walio ufukweni, Jambiani, Nungwi, Makunduchi, watazame na plagi ya AUX. Hewa ya bahari huifanyia ukungu wa kijani, na sauti inaanza kutoka upande mmoja, ukiizungusha inarudi. Ifute kwa kitambaa chenye spiriti, chomeka na chomoa mara kadhaa. Kama kijani kimeingia ndani ya tundu la redio usichokonoe na pini ya ushungi wa mama watoto, maana vile visahani vya ndani vikipinda, kazi inakuwa ya kufungua dashibodi nzima.